Kanda la usufi

Mazungumzo ya juma hili nimeyaokota njiani, mahali paitwapo Misigiri. Ukitoka Singida mjini kwenda Nzega, ukishaipita Iguguno, utafika Misigiri, penye njia panda ya kwenda Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Wengi wetu tunapajua kwa dirisha la basi tu. Mbele yake ardhi inakatika na barabara inashuka mlima wa Sekenke kwenda Shelui na mbuga za Wembere. Madereva wa malori wanauheshimu sana mteremko ule. Mwenye akili huweka gia ndogo akiwa bado juu, kabla gari halijaanza kushuka, kwa kuwa anayengoja likolee ndipo aitafute gia, huwa amekwisha kuchelewa.

Siku niliyokuwa pale, lori lilikuwa limeleta mashine ya kukamulia alizeti, imefungwa ndani ya sanduku kubwa la mbao. Mwenye mzigo alikuwapo, dereva alikuwapo, utingo alikuwapo. Kitu cha kushushia hakikuwapo. Basi yakaletwa matairi mawili mabovu, yakatupwa chini nyuma ya lori. Zikaegemezwa mbao mbili fupi. Wakaitwa vijana sita waliokuwa kivulini, wakapatana bei kwa sanduku zima. Utingo akapanda juu akasema, “Sukumeni tu, litajishukia lenyewe.”

Na kweli likajishukia lenyewe. Ubao mmoja ulipasuka, sanduku likalalia upande, na kona yake ikamkuta kijana mmoja mguuni. Akapakiwa kwenye bodaboda, akapelekwa Kiomboi. Fedha zilizopatanwa waligawana watano waliobaki, na mimi niliona kwa macho yangu hesabu ile ikifanyika bila ugomvi wowote, kama jambo la kawaida kabisa.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu yangu akatikisa kichwa. “Mwanangu,” akaniambia, “dereva huyu akifika Sekenke ataweka gia ndogo. Hapa ameshusha bila gia.”

Nimekuwa nikilifikiria neno la mzee yule tangu siku hiyo, na limenirudisha katika historia, kwa sababu nchi ile ya Iramba imekwisha kuona mizigo mizito ikipita kwa miaka mingi sana.

Mwaka 1874 Mwingereza Henry Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara wa watu zaidi ya mia tatu, akielekea ziwa ambalo Wazungu walikuwa wameliita Victoria. Alikuwa amechukua mashua yake mwenyewe, jina lake Lady Alice, iliyoundwa Teddington, kando ya mto Thames, urefu wake futi 40. Iliundwa kwa vipande vitano ili ibebwe mabegani. Lakini vipande vilipofika Unguja na kupimwa, vilionekana vizito mno: kila kimoja kilikuwa na ratili 280 hivi, yaani kilo 127, na kimoja kilizidi hapo. Njia za bara wakati huo zilikuwa nyembamba, za mtu mmoja nyuma ya mwenzake, zenye miiba na mito. Ikabidi atafutwe seremala, mashua ikatwe upya na kupunguzwa, ndipo safari ianze. Waliobeba vipande vile walichaguliwa kwa nguvu zao, wakabeba kwa zamu, na wakatendewa vizuri kuliko wapagazi wengine.

Mashua ile ilipita Ugogo, ikapita Ituru, ambako msafara ulipigana na wenyeji huko Vinyata Januari 1875, ikavuka nchi ya Iramba, ikateremka mbugani, na tarehe 27 Februari ikafika Kageyi, Usukuma. Siku chache baadaye ilikuwa majini. Mabega ya watu yaliivusha kutoka pwani hadi ziwani katika muda wa siku mia moja na tatu.

Sasa, Stanley hakuwa mtu wa huruma. Wapagazi wake walikufa wengi, na fimbo yake inajulikana. Hata hivyo aliikata mashua. Aliikata kwa sababu pagazi aliyezidiwa anaanguka, na akianguka mzigo unabaki porini. Tena pagazi aliyeona ameonewa hutoroka usiku, na Stanley alitorokwa mara nyingi. Misafara yote ya zamani ililijua jambo hilo. Mzigo wa kawaida wa pagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Nguo zilifungwa zikaitwa mtumba, na hapo ndipo lilipotoka neno mitumba tunalolitumia leo kwa nguo kuukuu kutoka ng'ambo. Pembe kubwa ya ndovu ilifungwa kwenye mpiko wakaichukua wawili. Wanyamwezi, ambao ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo, walikuwa na desturi zao za kuugawa mzigo na kuukataa mzigo. Pagazi akiona umezidi, aliutua chini, na mwenye mali akalazimika kusema naye.

Kwa hiyo mizani ya kwanza ya nchi hii, kwa maoni yangu, haikuwa ya chuma. Ilikuwa ni uwezo wa mbebaji kusema hapana.

Wala msidhani kuwa wazee wetu walijua bega tu. Watu wa pwani walikuwa na vyombo vya kuinulia tangu zamani. Tazameni jahazi. Foromali, ule mti mrefu unaoshika tanga, ni mzito kupita nguvu za mabaharia wachache, lakini unapanda mlingotini kwa henza inayopita kwenye makapi. Kila kamba inapozungushwa mara nyingine katika kapi, uzito unaomfikia mvutaji unapungua, ingawa atavuta kamba ndefu zaidi. Na wakati wa kuteremsha, baharia haiachii kamba. Huizungusha kwenye gogo mara mbili tatu, akawa anailegeza kidogo kidogo, na msuguano wa kamba na gogo ndio unaoshika uzito badala ya mikono yake. Hiyo ndiyo gia ndogo ya mzee wa Misigiri.

Wajerumani walipokuja wakaanza kuchimba dhahabu chini ya mlima ule ule wa Sekenke mwaka 1909. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, kwa hiyo mgodi ulianza kazi kabla ya behewa kufika popote karibu. Dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyotumika mwaka 1916, wakati wa vita, kupigia sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli huko Tabora, zile zenye picha ya tembo, ambazo leo watoza sarafu wa Ulaya wanazigombania. Lakini mimi namtazama zaidi mtu wa shimoni. Katika shimo la mgodi hakuna anayeweza kusema “sukumeni, litajishukia lenyewe”. Kila kitu hushushwa na kupandishwa kwa winchi na kamba. Shimo linamlazimisha mwenye mali kununua chombo, kwani kikianguka kimepotea, na mgodi umeziba.

Miaka hiyo hiyo Wajerumani walifanya jambo kubwa zaidi la aina ya mashua ya Stanley. Meli Graf von Götzen, ambayo ndiyo Liemba tunayoijua sote, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaungwa upya kwa ribiti na kushushwa ziwani Februari 1915. Ni fikra ile ile: mzigo mkubwa unagawanywa, halafu unaunganishwa mwisho wa safari.

Kisha vita vikaharibu mizani. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi yaliwakusanya wapagazi kwa nguvu, kwa malaki. Mtu aliyeshikwa kijijini na kuandikwa namba hakuwa na nafasi ya kuutua mzigo na kujadiliana. Akianguka aliletwa mwingine. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita hivyo Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi na njaa, wanakaribia laki moja. Jeshi hilo la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na mahali kambi yake ilipokuwa Dar es Salaam wenyeji wakapaita Kariakoo. Ndugu zangu wa mjini, mnaposukumana pale na kijana mwenye robota kichwani anayepiga kelele apishwe, kumbukeni kwamba mtaa huo umepewa jina la watu wa kazi yake.

Bandarini mambo yalikwenda kwa namna yake. Kabla ya gati za kina kirefu za Dar es Salaam kumalizika mwaka 1956, meli zilitia nanga katikati ya maji, winchi zake zikateremsha shehena kwenye matishali, matishali yakavutwa hadi ukingoni, na hapo ndipo mashine ilipokoma na makuli wakaanza. Wakati huo kuli alikuwa kibarua wa siku. Lakini bandari ina kitu ambacho Misigiri haina: watu wengi wa kazi moja wamekusanyika mahali pamoja, na meli iliyosimama inamla mwenyewe fedha kila saa. Mwaka 1947, mwezi Septemba, makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ule ukaifuata reli hadi bara. Mombasa walikuwa wamegoma Januari ya mwaka huo huo, na Unguja mgomo mkubwa wa mwaka 1948 nao ulianzia kwa wapakuzi. Walidai mshahara zaidi kuliko vyombo, hilo ni kweli. Hata hivyo bega lilipoanza kuwa ghali, kreni ikaanza kuonekana rahisi. Mwaka 1956, Aprili, Mmarekani Malcom McLean alisafirisha makontena 58 juu ya meli Ideal X kutoka Newark hadi Houston, na tangu hapo kazi ya bega bandarini imekuwa ikipungua dunia nzima.

Bara tulikuwa na mwanzo mzuri. Watu wa Singida wenye umri mkubwa wanakumbuka kusimuliwa habari za tawi la reli lililotoka Manyoni hadi Kinyangiri, Iramba, katika miaka ya 1930. Halikulipa. Katika miaka ya 1940 likafungwa na reli zikang'olewa. Tunapoisema reli huwa tunasema mwendo wake na nauli yake, tukasahau kitu kimoja kidogo sana: jukwaa la kupakulia. Bohari la stesheni lilijengwa kwenye jukwaa lenye kimo sawa na sakafu ya behewa. Ukifungua mlango wa behewa unatembeza mzigo moja kwa moja hadi ndani, hakuna kuinua wala kushusha. Ni tuta la mawe na saruji tu, halina injini, haliharibiki.

Lori lilipochukua nafasi ya reli, jukwaa halikulifuata. Uzuri wa lori ni kwamba linasimama popote, dukani, mashineni, chini ya mbuyu. Ubaya wake ni huo huo. Linasimama popote na sakafu yake iko mita moja na robo juu ya ardhi. Tumejenga barabara, na katika miaka ya 2000 lami ikafika Sekenke, mzigo ukawa unatoka Dar es Salaam ukafika Misigiri kwa muda ambao Stanley angekuwa bado anahesabu watu wake Bagamoyo. Kilomita zote hizo tumezishinda. Ile mita moja na robo ya mwisho tumewaachia vijana sita na tairi bovu.

Je, hakuna vyombo? Vipo, na vingi ni vya zamani. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alionyesha jinsi mafuta au maji yaliyobanwa katika bomba dogo yanavyoweza kuinua uzito mkubwa katika bomba pana. Jeki ya lori inafanya kazi hivyo, na hivyo hivyo lile bamba la chuma linalofungwa nyuma ya malori ya kusambazia bidhaa, ambalo hupanda na kushuka na mzigo juu yake. Weston naye alitengeneza kapi la mnyororo ambalo ukiliachia mzigo haurudi chini; mafundi wetu wanaliita cheni bloku na wanang'olea injini. Sitaki kuwachosha kwa orodha. Nataka kusema kwamba siku ile pale Misigiri, hatua chache kutoka lilipokuwa lori, palikuwa na gereji, na cheni bloku ilikuwa imening'inia juu ya miguu mitatu ya bomba, haina kazi. Nilimwuliza mwenye mzigo kwa nini asiikodi. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba fundi angetaka fedha nyingi kuliko vijana wote sita.

Hilo ndilo jibu la historia yote hii, na sikuweza kulipinga.

Hata bila cheni bloku, lilikuwapo la kufanya. Mbao zile mbili zilikuwa na urefu wa mita mbili hivi. Kwa kimo cha lori lile, sanduku lilikuwa linavuta kwenda chini kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Mbao za mita tano zingeufanya mvuto huo uwe robo, na hapo bado hujahesabu msuguano, ambao wakati wa kushusha ni rafiki. Kamba ya katani ingefungwa kwenye sanduku, ikazungushwa mara tatu kwenye chuma cha bodi ya lori, mtu mmoja akawa anailegeza kutoka nyuma. Na hakuna mtu angehitaji kusimama chini, mbele ya mzigo. Nahodha yeyote wa jahazi angewaonyesha.

Kuna upande wa sheria pia. Singida ni nchi ya vitunguu, na vitunguu ni nchi ya lumbesa. Tumepiga kelele miaka mingi dhidi ya lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu, na tuna haki, maana linamwibia mkulima. Kanuni za vipimo zinasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Vema. Lakini Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa ndio ukomo wa mzigo wa kubebwa kwa mkono na mwanamume mzima. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unakaribia hapo. Gunia halali, lililopita mizani bila dosari, linakaribia mara mbili ya kiwango hicho, na ni mara tatu ya mzigo wa pagazi wa Kinyamwezi. Ni kweli pagazi alitembea kutwa na mpakuzi anatembea hatua ishirini. Sipendi kulinganisha visivyolingana. Lakini hatua ishirini hizo hurudiwa mpaka lori liishe. Katika mikutano yote ya lumbesa niliyoisikia, mkulima alitajwa, mfanyabiashara alitajwa, halmashauri ikataja ushuru wake. Mtu anayeliinua gunia lile hadi kwenye bodi ya lori sikumsikia akitajwa hata mara moja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na naona usufi wenyewe tumeushindilia.

Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Tuna mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015. Vyote vinamtafuta mwajiri. Yule kijana aliyepelekwa Kiomboi aliajiriwa na nani? Dereva atasema yeye ni wa gari. Mwenye gari yuko mbali na hajui kilichotokea. Mwenye mashine atasema alilipa nauli mpaka mlangoni. Utingo aliyewaita naye ni kibarua kama wao. Kijana alikuwa na mwajiri kwa muda wa dakika kumi, na dakika kumi hizo zilikwisha sanduku lilipogusa ardhi. Hawezi kuutua mzigo na kusema umezidi, kama babu yake alivyoweza, kwa kuwa kivulini wapo wengine kumi wanaongoja aseme hivyo.

Mimi ningeanza na mwenye mzigo, kwa sababu ndiye anayepatana bei ya usafiri. Anapouliza nauli hadi Misigiri, aulize papo hapo sanduku litashuka kwa nini, na hilo liingie katika bei kabla gari halijaondoka Dar es Salaam. Halmashauri nazo, zinazotoza ushuru wa mazao kwenye vizuizi na masoko, zingeweza kujenga tuta moja la mawe lenye kimo cha lori katika kila soko na kila njia panda kubwa. Reli ilifanya hivyo katika vituo vyake, na tuta halihitaji dizeli.

Niliporudi pale kwenye sanduku jioni, walikuwa wameligeuza ili kuling'oa misumari. Upande ambao safari nzima ulikuwa umelalia sakafu ya lori palikuwa na maandishi makubwa meusi, yamepakwa kiwandani kwa rangi, pamoja na mshale wa kuonyesha upande wa juu na alama ya mahali pa kufunga kamba. Uzito, yalisema, kilo 480.